Kondoo Dume wa Akika

Mimi ni mtu wa hasira, na waliokaa nami wanalijua hilo, kwa hiyo nikipandisha sauti humu ndani mtanivumilia. Habari yenyewe ni ya kondoo. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka, wakaniuliza kondoo ana habari gani, si anakula majani tu kisha anachinjwa. Wacheke. Kondoo huyo alikuwa wa mtoto wangu wa kwanza, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshakufa.

Tulikaa ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Bweni, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado yupo. Mume wangu alikuwa mkwezi wa minazi na mkaushaji wa mbata. Nyumba ilikuwa ya mama yake, na mimi ndani yake nilikuwa mke wa mwana, mtu wa kuambiwa. Huyo mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi isipokuwa yake mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni kama inavyotakiwa, na kuna siku nilitamani kumrushia mwiko. Yeye naye nadhani alitamani kunirushia chungu kizima. Tulipika jiko moja miaka mingi na hatukuwahi kurushiana kitu.

Kwa desturi yetu mtoto akizaliwa huchinjiwa akika. Huchinjwa mnyama aliyetimia umri, kwetu miaka miwili, asiye na kasoro, watu wakala na kumwombea mtoto dua. Mifupa haivunjwi hata mmoja. Hutenganishwa kwenye viungo, ikakusanywa, ikafungwa katika ngozi ya mnyama yule yule na kuzikwa. Siku yake hasa ni ya saba, lakini ikikosekana hufanywa baadaye, na hata mtoto akifa kabla, mzazi bado anatakiwa kumfanyia. Wazee walitwambia kuwa mtoto aliyefanyiwa akika ndiye atakayewashika mkono wazazi wake siku ya Kiyama, na asiyefanyiwa atakuwa kama amefungwa, anawaona na hawezi kuwajia. Sikusoma vitabu vikubwa. Hilo ndilo nililofundishwa, na niliamini kwa moyo wangu wote.

Binti yangu alipozaliwa hatukuwa na mnyama aliyetimia. Palikuwa na kondoo jike mmoja wa mavyaa, na mwanawe dume aliyekuwa bado ananyonya. Mavyaa akasema huyo dume ndiye wa mtoto, tumlee mpaka atimie, ndipo tuchinje. Nikakubali kwa furaha. Basi mtoto na kondoo wakakua pamoja uani. Mtoto alipoanza kusimama, alisimama kwa kushika ule mkia mnene wa kondoo, na kondoo akawa anatulia mpaka mwenyewe auachie. Nilikuwa nikiacha kutwanga ili niwatazame, na mavyaa akawa ananiuliza kama mpunga unajitwanga wenyewe.

Sasa niwaambie habari ya moshi. Pale mtoni mbu walikuwa hawana adabu, na kwa kuwa mume wangu alikuwa akifua nazi, makumbi yalijaa uani mlima kwa mlima. Kila jioni mavyaa alitia makaa ndani ya makarai mawili mabovu, akafunika kwa makumbi mabichi, moshi ukapanda mzito. Karai moja liliingia ndani ya nyumba na jingine likaingia katika banda la kondoo. Banda lenyewe lilikuwa na kuta za udongo mpaka zilipokutana na makuti, na mlango mdogo wa kuinamia, kwa sababu ya chui. Ikawa magharibi ikiingia nyumba nzima inakohoa, watu na wanyama, na hapana aliyejali. Kikohozi cha jioni kwetu kilikuwa kitu cha kawaida kama chumvi.

Kwa hiyo mtoto alipoanza kukohoa tulisema ni moshi. Mavyaa alisema hivyo, na mimi sikuwa na neno jingine. Ilikuwa masika, mvua hazikatiki, mbu ndio kwanza wamezidi, na karai likaongezwa makumbi. Mtoto hakulia. Alikaa mkekani anachezea kijiko. Siku moja nikamvua kigauni nimwogeshe, nikaona kila akivuta pumzi nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani, na matundu ya pua yanafunguka na kufumba. Nilimwita mavyaa. Alipomtazama tu akasema mfunge mgongoni twende mjini kwa daktari. Tulipofika mtoni kivuko kilikuwa upande wa pili, kinapakia magunia. Tulipiga kelele, tukapunga kanga. Alinifia mgongoni tukiwa tumesimama pale majini, na mimi sikujua mpaka mavyaa aliponishika bega.

Hayo yakapita, yaani watu walisema yamepita.

Akika ikabaki. Mwalimu wa chuo, mzee aliyetufundisha Kurani sote pale kijijini, alisema bado inafaa na inapendeza kufanywa, tungoje tu mnyama atimie. Basi mimi nikamshika yule kondoo kwa mikono miwili. Nilimkatia majani ya mkunde, nikamtafutia pumba na maganda ya muhogo, nikamkwangua kupe kwa kucha. Usiniulize kama nilikuwa na akili zangu timamu. Nilikuwa na jambo moja tu duniani la kumfanyia mwanangu, na lilikuwa na miguu minne.

Baadaye akaja mjomba wa mume wangu kutoka Maramba. Matanga hakuyawahi kwa sababu ya mvua, kwa hiyo alikuja kutupa pole, na pole yake ilikuwa kondoo jike. Mnyama mnene huyo, mkia umemjaa, macho mazuri. Aliposhushwa alikohoa mara mbili tatu, kikohozi kidogo kikavu, na mjomba mwenyewe akasema ni vumbi la njiani. Kwetu mtu akikuletea mnyama, humfungi pembeni. Humwingiza kwa wako siku hiyo hiyo, mbele ya macho ya aliyekuletea, ili aone kuwa mali zenu zimechanganyika kama damu zenu zilivyochanganyika. Ukimtenga, umemwambia mgeni kuwa zawadi yake ni uchafu. Mjomba alikuwa amekaa barazani anatazama, kikombe cha kahawa mkononi. Mavyaa akafungua ule mlango mdogo, akamsukuma yule jike ndani na wenziwe, akasukuma na karai la moshi, akafunga. Kila mtu alifurahi, na mimi pia.

Wiki zikaenda. Jioni ilikuwa kikohozi kama kawaida, na ni nani angejua kipi ni cha moshi na kipi si cha moshi? Mpaka asubuhi moja nikaenda bandani mapema kuliko desturi yangu, jua halijapata nguvu, karai limezimika zamani. Nikachungulia kwenye ufa kabla sijafungua. Dume wangu alikuwa amelala kwa kifua, shingo ameinyoosha mbele, na ubavu wake ulikuwa unaingia na kutoka, unaingia na kutoka, mbio, na matundu ya pua yanafunguka na kufumba. Pumzi ile nilikuwa naijua. Wallahi, ningeitambua hata gizani.

Nikamwita mavyaa. Alipofungua mlango, kondoo akainuka, akajinyoosha, akatoka na kuanza kula. Mavyaa akaniuliza mgonjwa gani anayekula vile. Mbuzi akiumwa kijiji kizima kitajua, maana atalia mpaka mumpeleke mnapompeleka. Kondoo atakuficha. Akikuona tu unakuja anasimama, anashika jani mdomoni, anajifanya mzima. Nikawa na kazi ya kumvizia kama mwizi, kila asubuhi nimebandika jicho kwenye ufa, ili nimwone kabla hajaniona. Na kila asubuhi nilikiona kile kile.

Mume wangu naye siku hizo alikuwa kitandani. Alianguka kutoka mnazini, mguu umefungwa vijiti na mganga wa viungo, hapandi wala hashuki, na kitu cha kununulia mnyama mwingine hatukuwa nacho. Nilipomweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono akasema kwa upole kwamba ninamwona mtoto ndani ya kondoo. Hilo liliniudhi kuliko kama angenipiga. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuweza kuapa kuwa amekosea. Wakati ule nilikuwa nikimwona mtoto mpaka kwenye mtungi wa maji.

Nikajaribu dawa zangu. Nilichemsha tangawizi na pilipili manga, nikatia mafuta ya nazi, nikamkamata kichwa na kumimina mdomoni. Akapaliwa. Alikohoa mpaka magoti ya mbele yakakunjika, povu linamtoka, na mimi nimesimama na kibuyu mkononi. Mavyaa akaninyang'anya kibuyu. Tangu siku hiyo sikuthubutu kumnywesha kitu.

Wakati huo palikuwa na bwana mifugo aliyekuwa akipita upande wetu kwa baiskeli, akienda kuwatazama ng'ombe wa shamba la katani. Kijana wa Kibondei, kaptula imenyooka, soksi mpaka magotini. Nikamsimamisha njiani. Nilidhani atanicheka, mwanamke mzima kumzuia mtu wa serikali kwa ajili ya kondoo mmoja. Aliniuliza tu anapumuaje. Nilipomweleza, akasema nisiwafungulie kesho mpaka afike.

Alikuja alfajiri imeshapambazuka. Kwanza hakumgusa mnyama. Alisimama pale kwenye ufa wangu, akatazama kwa muda mrefu, mkono mmoja ameuinua kutuambia tunyamaze. Kisha akataka watolewe na wapelekwe mwendo wa haraka mpaka kisimani na kurudi. Dume wangu alirudi wa mwisho, mdomo wazi. Bwana mifugo akapiga magoti, akaweka sikio ubavuni, hapa na hapa. Mwisho akamshika miguu ya nyuma, akainua mpaka kichwa kikawa chini, na maji yakatoka puani. Maji mengi, mepesi, yana povu kama ya sabuni. Yakadondoka mchangani mbele ya miguu ya mavyaa, naye akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, mapafu ya huyu yamekwisha haribika," bwana mifugo akaniambia. "Na aliyeleta ni yule."

Alikuwa akimwonyesha jike wa Maramba, yule mnene, mzuri kuliko wote, ambaye nilishamwambia kuwa ni mgeni. Naye aliinuliwa, na puani yakatoka matone machache tu. Ati mnyama anaweza kutembea na ugonjwa huo muda mrefu sana, ananenepa, anazaa, huku anawapumulia wenziwe. Nilimtazama yule jike nikatamani kumkaba koo. Yeye akawa anacheua.

Niliuliza dawa. Hakuna. Niliuliza sindano, maana nilisikia ng'ombe wanadungwa sindano. Akasema kwa ugonjwa huu hakuna sindano. Alilisema hilo akitazama chini, nami nikaona kuwa naye limemkwaza.

Halafu akaanza kutuambia ya kujikinga, na hapo ndipo hasira ziliponipanda, ingawa yeye hakuwa na kosa. Akasema mnyama mgeni atengwe mbali na wenyeji, kwa miezi, hata akiwa mzima machoni. Kuta za banda zikatwe juu ili upepo upite juu ya migongo yao. Moshi usiingie bandani kabisa, kwa kuwa unachubua kifua na unaficha kikohozi. Wasirundikane. Watazamwe asubuhi wakiwa wametulia, na atazamwe yule anayekuwa nyuma siku zote, na yule anayekula lakini mgongo unazidi kuchongoka. Mama mwenye ugonjwa asiachwe kuzaa. Mazuri yote hayo, na kila neno lilikuwa la mwaka jana. Nilimwuliza mimi leo nifanye nini. Akasema nimtenge, nisimkimbize, nisimnyweshe kitu kwa nguvu, na siku akishindwa kuinuka achinjwe, naye aitwe aje atazame ndani.

Alipoondoka mavyaa aliniita jikoni. Alisema kondoo bado anatembea, anakula, macho safi, na miezi imebaki michache atimie. Akitimia tu mwalimu aje amtazame, tuchinje, na yule kijana wa baiskeli tusimtaje. Mniamini, nilitaka hivyo hivyo. Nilitaka kuliko yeye.

Dume akatengwa chini ya mkorosho, penye upepo. Tulihesabu miandamo ya mwezi. Alikuwa akikonda mgongoni lakini tumbo limeshiba, na manyoya yanaficha. Siku alipotimia, mwalimu akaja na bakora yake. Akamtazama masikio kama yamekatika, macho kama yana chongo, akamfungua mdomo akaona meno yameota sawasawa, akamtembeza hatua chache kuona kama anachechemea. Akaridhika. Akasema hana kasoro, tuwaalike watu Ijumaa.

Mavyaa alinikazia macho. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango na gongo lake. Nami nilikuwa nimeshashinda, jamani. Nilichotakiwa ni kusema ahsante mwalimu. Lakini kondoo alikuwa amesimama pale, shingo ameinyoosha, ubavu unaingia na kutoka, na nikafikiri kuwa kifua kile ndicho nitakachompelekea mwanangu kwa ajili ya kifua chake. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema yote, mpaka maji ya puani.

Mwalimu alikaa kitako juu ya kinu.

"Mwanangu," akasema, "ungenyamaza ningechinja, na mbele ya macho yangu angekuwa mzima. Maradhi yaliyojificha mja haulizwi. Sasa umenionyesha, siwezi tena kutoyaona."

Nilimchukia mwalimu. Nilimchukia bwana mifugo kwa kujua, mjomba kwa ukarimu wake, mume wangu kwa mguu wake. Mungu naye, nastaghfiru, sikumwacha nje. Nilitaka mtu mmoja nimshike kanzu nimwambie wewe ndiye, na hapakuwa na mtu wa kumshika. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti, na majirani walipokuja mavyaa aliwaambia nimechomwa na mafuta. Akika haikufanywa mwaka ule wala uliofuata.

Siku ile ile mavyaa alichukua jembe, akabomoa kuta za banda kuanzia kiunoni kwenda juu. Hakuomba msaada. Karai la bandani alilitupa mtoni, na la nyumbani nalo sikuliona tena. Tukaanza kulala na mbu. Yule jike mzee, mama wa dume, alikuwa ameanza naye kubaki nyuma wakienda malishoni.

Dume alidumu kidogo baada ya hapo. Nilikuwa nikikaa naye asubuhi chini ya mkorosho, sina ninalomfanyia, namwekea majani mbele na yeye anayanusa kwa adabu. Nilikuwa na habari zote za ugonjwa wake, nikiweza kumwambia mtu leo kazidi au leo kapata nafuu, na habari hizo hazikunisaidia hata kumpunguzia kikohozi kimoja. Kisha asubuhi moja hakuinuka. Aliniona nakuja, akajaribu kushika jani, likamwanguka.

Mume wangu akaja na gongo na kisu. Akasema bismillahi, akamchinja ili asife mzoga, basi. Hapakuwa na dua nyingine, hapakuwa na waalikwa. Bwana mifugo alikuwa ameitwa, naye akapasua kifua. Pafu la kawaida husinyaa likipata hewa, lile halikusinyaa. Lilikuwa zito, la kijivu, gumu kama ini, na ukilikata linatoa povu. Alikata kipande kwenye ukingo uliobaki mzima, akakitia katika ndoo ya maji, kikaelea. Akakata kipande cha sehemu ile ngumu, akakitia, kikazama mpaka chini na kutulia hapo. Akatuambia nyama tusile, tumzike shimo refu, na wengine wawili nao waondoke ndipo tufikirie kufuga tena. Akanawa mikono, akatupa pole, akapanda baiskeli yake.

Nilitarajia tutamburura shimoni alivyo. Mavyaa akachukua kisu kutoka kwa mwanawe, akachutama, akaanza kumchuna. Alipomaliza akaanza kutenganisha viungo, kimoja kimoja, kwa ncha ya kisu, akikwepa mifupa isivunjike, na akawa anaipanga juu ya ngozi. Nilielewa anachofanya. Alijua kama mimi kuwa hiyo haihesabiki kuwa akika. Nikachutama upande wa pili nikamshikia miguu.

Tulikwenda hivyo mpaka kwenye mbavu. Hapo mkono wake ukasimama. Alikuwa anatazama ile ndoo, kipande kile kilichokuwa chini ya maji. Tangu siku ya kivuko sisi wawili hatukuwahi kutaja kilichomuua mtoto, na mwaka mzima nilikuwa nimemwekea jibu langu tayari, kwamba ni moshi wake, jibu kali, la kumkata maini siku atakayothubutu kuniuliza.

"Mwanangu," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo, "mtoto wetu naye alikuwa hivi ndani?"

Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Jibu langu nililitafuta nikalikuta lipo pale pale nilipoliweka. Nikamwambia sijui, mama, na tukaendelea na mbavu.